Usiache dawa ya moyo kwa sababu ya jino

Mhariri,

Upo ushauri unaotembea mitaani, na mara nyingine hutoka kwa wahudumu wa afya wenyewe, kwamba mgonjwa wa moyo anayekwenda kung'oa jino aache dawa ya kulainisha damu kwa wiki nzima. Tunaomba nafasi ya kuupinga. Damu inayotoka kwenye pengo la jino ina njia nyingi za kuzuiwa. Ikiganda ndani ya stenti (kibomba kinachowekwa kuupanua mshipa wa moyo) au kwenye vali ya bandia ya moyo, mtu anaweza kufa kabla hajafikishwa hospitali.

Hiyo "wiki" haikutoka hewani. Aspirini huzipooza chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, kwa uhai wote wa chembe hizo, yaani siku 7 hadi 10, na klopidogreli, dawa nyingine ya kulainisha damu, hufanya vivyo hivyo. Lakini kung'oa jino moja hadi matatu hakuhitaji chembe hizo zirudishiwe nguvu. Anayetumia aspirini aendelee nayo. Aliyewekewa stenti karibuni na anameza dawa zote mbili asiache hata moja bila ruhusa ya daktari wake wa moyo. Kama jino linaweza kusubiri, lisubiri.

Warfarini, nayo ya kulainisha damu, ina hesabu yake. Kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kifanyike ndani ya saa 24 kabla ya kung'oa, au ndani ya saa 72 kwa mtu ambaye majibu yake hayayumbi. INR ikiwa chini ya 4, jino linang'olewa bila kuacha dawa, ingawa madaktari wengi hupendelea isizidi 3.5. Miadi iwe asubuhi na mwanzoni mwa wiki, ili damu ikianza tena kutoka pawe na mtu kazini wa kuizuia. Using'oe meno sita kwa mkupuo. Pengo lijazwe sponji ya jelatini, lishonwe, kisha mgonjwa aume gozi kwa dakika 20 hadi 30 bila kuchungulia kila mara kama damu imekata. Penye dawa ya asidi ya traneksamiki, kidonge cha miligramu 500 kikisagwa ndani ya mililita 10 za maji hutoa mchanganyiko wa asilimia 5, na gozi huloweshwa humo. Kusukutua na kutematema kungoje hadi kesho yake, kwani ndiko kunakong'oa damu iliyokwisha kuganda.

Mara nyingi balaa halitokei kitini. Mgonjwa anatoka na bahasha ile ile anayopewa kila mtu: antibaotiki za amoksisilini na metronidazo, na diklofenaki ya maumivu. Metronidazo huzuia ini lisivunje warfarini, INR inapanda taratibu, na baada ya siku chache mdomo umejaa damu huku kidonda kikisingiziwa kushonwa vibaya. Diklofenaki na ibuprofeni nazo huchubua tumbo na kuzidisha kuvuja damu. Jeli ya mikonazo ya kutibu utando mweupe mdomoni pia hupandisha INR ya anayetumia warfarini, ijapokuwa inapakwa tu. Kwa maumivu, parasetamo gramu 1, isiyozidi mara nne kwa siku, kwa siku chache, inatosha. Na kung'oa jino pasipo usaha wala uvimbe hakudai antibaotiki yoyote.

Antibaotiki ya kinga, ya kuzuia bakteria wa mdomoni wasiushambulie moyo, ni jambo jingine, na hutolewa kwa watu wachache: wenye vali ya bandia, waliowahi kuugua maambukizi ya ndani ya moyo, na baadhi ya waliozaliwa na kasoro za moyo. Mtu mzima humeza amoksisilini gramu 2 kwa mara moja, dakika 30 hadi 60 kabla ya kung'oa au kukwangua ugaga chini ya fizi. Kapsuli zinazouzwa sana ni za miligramu 250, basi ni nane kwa pamoja. Si dozi ya siku tano. Asiyepatana na penisilini hupewa azithromaisini miligramu 500. Klindamaisini iliondolewa na Chama cha Moyo cha Marekani mwaka 2021 kwa sababu ya madhara yake, hasa kuhara kukali. Anayechomwa sindano ya penisilini kila mwezi kwa moyo ulioathiriwa na homa ya baridi yabisi asidhani amekwisha kujikinga. Bakteria wa mdomoni mwake huenda wameizoea, hivyo akistahili kinga apewe dawa ya kundi jingine. Mwenye betri ya moyo hahitaji antibaotiki hii ya kinga.

Presha ipimwe kabla ya ganzi. Ikifika 180 juu au 110 chini, kazi isiyo ya dharura iahirishwe. Ganzi yenye adrenalini wagonjwa wa moyo wasinyimwe ovyo, maana maumivu hufanya mwili umwage adrenalini yake kwa wingi zaidi. Katriji (vichupa vya ganzi) mbili zisizidishwe, na sindano ivutwe nyuma kwanza kuhakikisha haimo ndani ya mshipa. Anayetumia amlodipini au nifedipini akiona fizi zinavimba na kufunika meno, amweleze daktari aliyempa, ambaye anaweza kumbadilishia. Kusafisha meno pekee hakutamaliza tatizo.

Wanaosubiri upasuaji wa vali wapelekwe kliniki ya meno mapema, mabovu yatolewe na vidonda vipone kabla ya tarehe ya upasuaji.

Na kwa wenzetu wa vyumba vya meno: maumivu ya taya, hasa la kushoto, yanayokuja mtu akipanda ngazi na kukoma akipumzika, huku meno yote yakigongwa hayaumi, yasitibiwe kwa koleo. Mgonjwa huyo apelekwe akapimwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo, siku hiyo hiyo. Maumivu yasipokoma hata amekaa, apelekwe kitengo cha dharura papo hapo.

Madaktari wa kinywa na meno,
Dar es Salaam