Kisiwa cha Mayun na maji yetu

Lamu

Ndugu yangu Famau,

Assalaam alaykum. Barua yako imefika, na tumemshukuru Mungu kwamba mlivuka mlango wa bahari wa Bab el Mandeb salama. Uliniuliza habari za kile kisiwa kikavu kilichokuwa kuliani kwenu mkielekea kaskazini.

Hicho ni Mayun. Waingereza walikiita Perim. Nimekitafuta kwenye ramani ya bahari ya marehemu baba, ile iliyochanika mkunjoni. Ni mwamba wa volkano, kilomita 13 za mraba hivi, lakini umekaa mlangoni kabisa. Upande wa Yemeni maji hayazidi kilomita chache kwa upana. Meli kubwa hupita upande wa Afrika. Anayekishika kisiwa hicho anaona kila chombo kinachoingia Bahari ya Shamu.

Mwaka 1799 Waingereza waliteremsha askari pale ili Wafaransa wa Napoleon, waliokuwa wameshaingia Misri, wasipate njia ya kwenda India. Hata mwaka hawakumaliza. Maji ya kunywa hayakuwepo, wakaondoka wenyewe bila kupigwa risasi. Walirudi 1857, wakajenga mnara wa taa 1861, na kuanzia 1883 meli zikawa zinatia nanga kujaza makaa ya mawe. Maji ya watu yalitengenezwa kwa kuchemsha ya bahari na kuukinga mvuke wake. Meli zilipohamia kwenye mafuta, kituo kikafungwa 1936.

Hiyo habari ya maji ndiyo iliyonikaa. Famau, si ndiyo habari ya Takwa? Mji ule wa kisiwani Manda ulikuwa na msikiti wa kupendeza na ukuta wa mawe, na bado watu wakauhama katika karne ya 17, visima vilipoingia chumvi, wakaja Shela, huku kisiwani kwetu Lamu.

Na Shela kuna nini? Vilima vya mchanga. Mvua hunyesha, mchanga huinywa polepole, na maji matamu hukaa chini juu ya yale ya chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi. Ukivuta kupita kiasi, au ukijenga juu yake na kuchimba vyoo, chumvi na uchafu huingia, wala hakuna wa kuvitoa. Mji mzima wa Lamu unakunywa hapo. Ndiyo maana hunipanda hasira nikiona vigingi vya viwanja vimechomekwa mchangani. Bandari ya Lamu kule Magogoni, iliyofunguliwa 2021, kila mtu anaizungumzia, na ni haki yao. Lakini gati haliwezi kunyweka.

Wazee wa Shela watakutana Ijumaa baada ya swala kuhusu viwanja hivyo. Babu yako alikuwa na shamba karibu na pale, kwa hivyo neno lako litasikilizwa kuliko langu. Nitumie kwa simu kabla ya siku hiyo, nami nitawasomea kama ulivyoandika.

Mama anakusalimu sana.

Nduguyo,
Shee