Kupima kontua ndefu: leza si jibu la kila shamba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie vifaa vya kupimia mistari ya kontua, yaani mistari inayokata mteremko kwa kimo kimoja, kwani huku Usambara vikundi vya wakulima vinavyojiandaa kuchimba makinga maji vinajiuliza vinunue kipi. Uamuzi huo si mdogo, maana kinga likizama mahali pamoja tu, maji ya mstari mzima hukusanyika hapo, hulivunja na kuchimba korongo katika shamba la chini.

Katika mstari mrefu adui ni kosa dogo linalojirudia. Fremu ya umbo la A (fito tatu zilizofungwa pamoja, na uzi wenye jiwe unaoning'inia kwenye alama ya usawa) yenye miguu iliyoachana mita 2 husogezwa mara 100 katika mita 200, na alama yake ikidanganya nusu sentimita kila hatua, kigingi cha mwisho kitapotoka kwa nusu mita. Dawa ipo, ingawa husisitizwa mara chache: fremu isibebwe kwenda mbele, bali mguu wa mbele ubaki kwenye kigingi na wa nyuma uzungushwe upite mbele, kwa kuwa hapo kosa la hatua moja hufutwa na la hatua inayofuata.

Hata hivyo, kwa mistari mirefu mimi ningenunua kamba ya mita 10 na pima maji ndogo ya kuning'iniza (kichupa chenye kiputo kinachoonyesha usawa), pamoja na fito mbili zenye alama za kimo kimoja. Hatua zinapungua hadi 20 na gharama ni ndogo, mradi pima maji ikae katikati kabisa ya kamba, ambayo hulegea hata ikivutwa vipi. Upepo ukivuma, heri kusubiri.

Mpira wa maji wa mafundi ujenzi, yaani bomba angavu lililojazwa maji, ni sahihi zaidi, tena hupita hata nyuma ya kichaka, ila usiwe na viputo vya hewa wala usilazwe nusu juani, nusu kivulini.

Leza ndogo za kupangia vigae ndani ya nyumba hazifai shambani, kwa kuwa mwanga wake hupotea juani. Kikundi chenye fedha kikodi levo ya wapimaji (darubini ya usawa inayosimama juu ya miguu mitatu) kwa ajili ya mfereji mkuu wa juu, na isimamishwe katikati ya vituo viwili vinavyosomwa, ili kosa la lenzi lijifute lenyewe. Mistari mingine yote itoshelezwe na kamba, kisha kila mmoja upimwe tena kutoka mwisho kurudi mwanzo kabla jembe halijagusa ardhi.

Mkulima,
Lushoto