Kabla ya pasipoti ya mtoto, tafuta cheti chako

Mhariri,

Mtoto wa marehemu kaka yangu anasomea shahada ya uzamivu Leicester, Uingereza, na mwaka jana yeye na mkewe walijaliwa mtoto wa kike hukohuko. Habari zilipofika hapa Muheza, majirani walikuja kunipongeza kwamba sasa ukoo wetu una Mwingereza. Kauli hiyo nimeisikia mno, hata kwa watu waliosoma, na si kweli. Ndiyo maana naomba nafasi katika gazeti lako.

Tangu Januari 1, 1983, mtoto anayezaliwa Uingereza hawi raia wa nchi ile kwa sababu tu amezaliwa pale. Lazima baba au mama awe raia, au awe na kibali cha kuishi huko moja kwa moja. Wazazi walio kwa viza ya masomo hawana cha kumrithisha upande huo. Marekani mambo ni tofauti, na nadhani dhana hii tumeitoa huko. Mjukuu wetu ana uraia mmoja tu, wa Tanzania, na ameupata kwa kurithi. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inaruhusu kuurithi kwa baba au kwa mama, jambo ninalolishukuru kama mwanamke. Ila urithi huo unathibitishwa kwa karatasi, na karatasi zinazoulizwa kwanza ni za mzazi.

Hapo kazi ikaniangukia mimi. Kijana wetu alizaliwa nyumbani, kijiji kilicho chini ya milima ya Amani, masika yamekata barabara, akapokewa na mkunga wa kijiji. Cheti cha kuzaliwa hakuwahi kuwa nacho. Pasipoti yake aliipata kwa hati ya kiapo, lakini safari hii, alipomwombea mtoto pasipoti, aliambiwa alete cheti chenyewe. Mama yake miguu haimruhusu kutembea mbali, kwa hiyo shangazi ndiye niliyefuatilia: barua ya mtendaji wa kata, cheti cha kumaliza darasa la saba, cheti cha ubatizo kutoka parokiani. Jina la kaka yangu lilikuwa limeandikwa kwa namna moja kanisani na kwa namna nyingine shuleni, tofauti ya herufi moja, na herufi hiyo ilitusimamisha wiki kadhaa mpaka kikapatikana kiapo cha kuyaunganisha majina. Mwishowe binti wa jirani akaingiza maombi kwa simu yake kwenye eRITA, mfumo wa mtandaoni wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, maana mimi macho yangu hayawezi vile viandishi.

Muda wote huo mtoto hakuwa na pasipoti ya nchi yoyote. Wazazi wake wangepata msiba huku nyumbani, mmoja angelazimika kubaki naye. Jambo hilo lilininyima usingizi.

Walioko England nawaomba waangalie pia cheti wanachopewa wanapomsajili mtoto, kazi inayotakiwa kufanyika ndani ya siku 42. Vipo viwili. Kile kifupi kina jina la mtoto, tarehe na mahali alipozaliwa, majina ya wazazi hayamo. Sasa utathibitishaje kwamba amerithi uraia kwa cheti kisichosema ni mtoto wa nani? Ombeni kirefu tangu siku ileile.

Na lipo jingine ambalo wazazi wengi walio nje hawajaambiwa. Raia wa kurithi hawezi kuurithisha uraia huo kwa mtoto atakayezaliwa nje ya nchi. Mjukuu wetu akija kuzalia ughaibuni, na mumewe naye akawa raia wa kurithi au mgeni, mtoto wao hataupata Utanzania kwa njia hii. Familia zenye watoto waliozaliwa Muscat, London au Dubai zinapaswa kulijua hili mapema, watoto wakiwa bado wadogo.

RITA wamefanya kazi nzuri kwa watoto wa chini ya miaka mitano, ambao mikoa mingi sasa wanapewa vyeti bure kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Tatizo limebaki kwa watu wazima wa umri wa kijana wetu, hasa tuliotoka vijijini. Naomba wafike vyuoni, kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, kabla hawajatawanyika. Na Uhamiaji nawaomba jambo dogo: anayeomba pasipoti kwa kiapo aelezwe palepale, kwa Kiswahili cha kawaida, kwamba siku akipata mtoto nje atatakiwa cheti, na apewe muda wa kukitafuta akiwa bado yuko nchini na waliomshuhudia akizaliwa wakiwa bado hai.

Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga