Tuombee na ghala: barua kwa mdogo wangu aliyerudi nyumbani

Mdogo wangu,

Mwangaluka. Nimepata habari kwamba wewe na wifi mmekata shauri, mmerudisha chumba cha kupanga huko Mwanza na kuhamia kwenye kaya ya wazee, Shinyanga. Nimefurahi mno. Nimefurahi zaidi niliposikia kwamba kabla ya kupanda mlipiga magoti shambani na watoto, mkamkabidhi Mungu mbegu. Ndivyo tulivyolelewa. Nakuandikia waziwazi, mbele ya watu, kwa sababu vijana wengi wanarudi kulima kama ninyi, na jambo nililonalo moyoni linawahusu wote.

Tunaombea shamba, lakini ghala hatuliombei. Novemba mvua ikichelewa, kanisa zima linakesha. Mahindi yakishakauka, maombi yanakwisha, na hapo ndipo hasara inapoanza. Ukame upo, sikatai, lakini chakula kingi cha kwetu hupotea kikiwa kimeshafika nyumbani. Kingine huuzwa Juni kwa bei ya kutupa, kingine huliwa na dumuzi, yule mdudu mdogo anayetoboa nafaka, kingine huota ukungu pembeni mwa nyumba. Ikifika Januari, mtu anakwenda sokoni kununua kwa debe mahindi aliyoyauza kwa gunia. Halafu tunasema Mungu hakutubariki mwaka huu.

Soma tena Kumbukumbu la Torati, sura ya 28. Shamba limetajwa, ndiyo, lakini limetajwa pia kapu, kikatajwa na chombo cha kukandia unga, na ukifika mstari wa 8 baraka inaamriwa ije ghalani. Ghala basi ni mahali pa ibada kama shamba lilivyo. Hata Yusufu, baada ya kuifasiri ndoto ya Farao, hakuishia kwenye ufunuo. Alitoa hesabu: sehemu ya tano ya mavuno iwekwe, miaka yote saba ya shibe. Chakula cha mashamba ya kuzunguka kila mji kikahifadhiwa katika mji huohuo, karibu na watakaokila. Nakusihi ufuate hesabu hiyo. Mkivuna magunia 15, matatu yasiguswe mpaka mvua za msimu unaofuata zimeshika na mmeona shamba limesimama.

Sasa namna ya kuyaweka. Jirani yetu, mzee wa Kiislamu, hupenda kunikumbusha kwamba katika Sura ya Yusuf ushauri ulikuwa kuiacha nafaka katika mashuke yake. Bibi zetu walifanya hivyohivyo kwa mtama, uliingia kwenye kihenge na mashuke yake, na ulikaa. Kwa mahindi mambo yalibadilika mwishoni mwa miaka ya 1970, dumuzi alipoonekana Tabora, mara ya kwanza kabisa katika Afrika, akitokea Amerika ya Kati. Huyu hulipenda hindi likiwa bado gunzini, kwa sababu punje zimeshikana na anapata pa kujikazia anapotoboa. Kwa hiyo usiyarundike mahindi na magunzi yake darini kama baba alivyokuwa akifanya. Yapukuchue mapema. Muhogo pia anausaga. Makopa ya miezi michache anaweza kuyageuza unga mtupu.

Kabla hujayafunga, hakikisha yamekauka. Chukua chupa ya glasi iliyo kavu kabisa, tia mahindi kiasi, tia kijiko cha chumvi laini uliyoianika ikakauka vizuri, ziba, utikise, kisha uiache itulie. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Chumvi ikianguka yote chini, mimi bado huyapa siku moja zaidi ya jua, maana kipimo hiki hukamata unyevu mkubwa tu. Na anika juu ya turubai. Nafaka iliyoanikwa kwenye udongo mtupu huondoka na ukungu wake.

Hapa nakuomba usinione mkali. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu waliugua ghafla kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Walioripotiwa kuugua walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika ugali, na haina rangi ya kukuonya. Punje zenye ukungu au zilizovunda zitoe, wala usiwape kuku. Wapo wanaosema chakula kikishaombewa hakidhuru. Mimi naamini maombi kwa moyo wangu wote, na kwa sababu hiyohiyo sitamwekea mwanangu mezani kitu nilichoshindwa kukianika.

Yakishakauka, nunueni ile mifuko ya kinga njaa: mfuko wa nje wa kawaida, na ndani mifuko miwili ya plastiki. Fungeni kila mmoja peke yake, kwa kamba, mkishakamua hewa. Wadudu waliobaki ndani huimaliza hewa wenyewe, wakaacha kula, wakafa. Dawa haihitajiki. Mifuko hii ilianza kwa ajili ya kunde huko Kamerun, miaka ya 1980, na leo inafaa kwa mahindi, choroko na dengu vilevile. Iwekeni juu ya chaga, mbali na ukuta, na msiifungue kila siku kuchungulia. Mfuko mmoja wa kula ufunguliwe, mingine ibaki imefungwa.

Lakini kaya ya Kisukuma haiishi kwa mahindi peke yake, na hapa ndipo ninapotaka wifi asome taratibu. Viazi vitamu vikivunwa, msiviache vioze shimoni. Michembe huanza na viazi vibichi: vimenywe, vikatwe vipande vyembamba vinavyolingana, vianikwe juu ya jiwe. Lile jiwe kubwa nyuma ya zizi linafaa kuliko mkeka, kwa sababu linapata moto mapema na hukaa na joto mpaka jioni. Kabla umande haujashuka, vikusanywe. Michembe iliyokauka ukiivunja inalia; ikipinda, bado. Matobolwa yenyewe huchemshwa kwanza, ndipo yakatwe na kuanikwa. Yanakuwa ya rangi ya asali, matamu, na mtoto anaweza kutafuna hivyohivyo akienda kuchunga. Michembe pika na karanga zilizotwangwa, mtie chumvi kidogo, muone kama kuna atakayeuliza ugali uko wapi. Viazi lishe vya rangi ya chungwa anikeni kivulini penye upepo, na vile msiviweke muda mrefu, maana jua kali na ukaaji mrefu hupunguza vitamini A ambayo ndiyo sababu ya kuvipanda.

Na nsansa msiiache. Majani ya kunde yakiwa tele Februari na Machi, yachemsheni kidogo, myaanike. Oktoba, mboga zikishakauka zote, mtaona thamani yake.

Kuna jambo la mwisho, nalo linanisumbua kuliko dumuzi. Katika Luka 12 yupo tajiri aliyevunja ghala zake ili ajenge kubwa zaidi, akajiambia ale, anywe, apumzike. Hakukosea kuweka akiba. Katika hesabu yake yote hakuwemo mtu mwingine. Malimbuko pelekeni kanisani siku ya mavuno, hata kama ni debe moja na kuku, na mnada ukipigwa mshiriki kwa furaha. Halafu tengeni debe jingine nyumbani, lenye jina kabisa, la mtu atakayekuja na bakuli mwezi Januari. Atakuja. Walawi 19 inataka pembe za shamba waachiwe maskini, na kwa kuwa siku hizi hakuna anayeingia kwenye shamba la mwenzake kuokota, debe hilo liwe ndiyo pembe yenu. Mkimpa, mpeni kabla hajamaliza kueleza shida yake, asijidhalilishe.

Ufunguo wa ghala akae nao wifi. Wewe ni mtu mwema, lakini kila mwaka Agosti huleta ada, harusi na michango, na gunia huonekana rahisi kuuza. Kama ni lazima kuuza kitu, uzeni dengu na pamba. Chakula muulizeni wifi kwanza, na akisema hapana, iwe hapana.

Nitakuja viazi vikiwa tayari, Mungu akipenda, na kisu changu cha kumenyea. Nisalimie watoto.

Dada yako