Ufuo wa Kisumu uwe wa wakazi kwanza

Mhariri,

Kila inapojadiliwa namna ya kuuboresha ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, hakosekani wa kututajia Venice, na mara nyingi mfano huo huishia kwenye hoteli na boti za watalii. Naomba nafasi nikumbushe kwamba jengo linaloupa Mfereji Mkuu wa mji huo haiba yake halikujengwa kwa ajili ya wageni.

Kanisa la Santa Maria della Salute, ambalo kuba lake humpokea anayeingia mferejini kutoka upande wa bahari, lilitokana na nadhiri. Tauni iliyozuka mwaka 1630 iliangamiza takriban theluthi moja ya wakazi, na Seneti ikaahidi kumjengea Bikira Maria kanisa iwapo mji ungenusurika. Msanifu wake, Baldassare Longhena, alianza kazi mwaka 1631 na kufariki mwaka 1682, miaka mitano kabla ya kanisa kutabarukiwa. Uzito wote ule umebebwa na magogo yaliyokitwa kwenye tope, yanayosemekana kuzidi milioni moja, ambayo hayaozi upesi kwa kuwa tope lililojaa maji huyanyima hewa. (Wanaotuambia kwamba kando ya ziwa hapajengeki wangeanzia hapo.)

Hata hivyo, linalotuhusu zaidi ni kwamba mbele ya kanisa pana uwanja ulio wazi, wenye ngazi zinazoshuka hadi majini, na kwamba kila tarehe 21 Novemba hutandazwa daraja la muda juu ya mfereji ili wakazi wavuke kwa miguu, wawashe mishumaa, kisha warudi nyumbani kula mchuzi wa nyama ya kondoo na kabichi. Watalii huwakuta wenyeji wakiadhimisha jambo lao.

Kwetu, tangu reli ilipofika mwaka 1901, sehemu kubwa ya ufuo ulio karibu na mji ilitwaliwa na bandari na maghala, mji ukalipa ziwa kisogo, na mkazi anayetaka kupunga upepo hulazimika kwenda hadi Dunga. Kwa hiyo naiomba serikali ya kaunti, kabla ya kumgawia mwekezaji yeyote kiwanja, itenge uwanja wa umma wenye ngazi za kushukia majini, usio na lango wala kiingilio, na ramani yake ibandikwe mahali ambapo kila mkazi ataiona.

Msomaji wako,
Kisumu