YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA, NA SIMU ZA WANAFUNZI

Ndugu wazazi na walezi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza hongereni sana. Wasichana wetu wanne wa netiboli wamechaguliwa timu ya mkoa ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Walifanya mazoezi kwenye vumbi la uwanja wetu saa 12 asubuhi, kabla ya mstari, na hakuna hata mmoja aliyeshuka kimasomo. Mkikutana nao mtaani wapeni mkono.

Wanaodaiwa debe la mahindi ya chakula cha mchana walilete siku ya kufungua.

Sasa la simu. Mwezi uliopita picha ya utupu ya mwanafunzi, darasa silitaji, ilitumwa kwa mtu mmoja saa 4 usiku. Kufika mstarini, wenzake wengi walishaiona. Aliyeituma aliamini itafunguka mara moja tu na kupotea. Haipotei: aliyeipokea aliipiga picha kwa simu ya pili.

Nimesikia wazazi wakisema mwanafunzi huyo ana tabia mbaya. Si kweli, na maneno hayo yameniumiza. Sehemu ya ubongo inayomzuia mtu kabla hajatenda hukomaa akikaribia miaka 25, ilhali hamu ya kusifiwa na wenzake huwaka mapema, akiwa bado mdogo. Matapeli wanalijua hilo. Wanamsifia mtoto, wanaomba picha, kisha wanadai hela la sivyo wataisambaza. Mtoto anayeogopa fimbo nyumbani atalipa kimya kimya, hata kwa hela ya kuiba.

Kuanzia saa 3 usiku simu ilale chumbani kwenu, pamoja na chaja. Pigeni *106# muone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu, maana laini ya mtoto iko kwa jina lenu. Akitishwa, msimpige, msilipe, msifute meseji. Nendeni Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au pigeni 116, ni bure. Mkiikuta ile picha kwenye simu ya mtoto wenu, msiirushe hata kwa mwalimu. Njooni ofisini na simu yenyewe. Kusambaza picha ya utupu ya mtoto ni kosa la jinai kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Na ninyi mliokuja kuwafokea walimu kwa simu tulizozishika: fomu ya kujiunga mliisaini wenyewe, na katazo la simu limo. Zitatolewa Ijumaa saa 2 asubuhi, kwa mzazi mwenyewe. Hatutampa kaka wala bodaboda.

Ripoti za wanafunzi zimeambatanishwa.

Mkuu wa Shule
Dodoma