Dakika 10 ziheshimiwe

Mhariri,

Mimi ni afisa ugani, mwaka wa 14 sasa kazini. Juzi kwenye semina ya kilimo shadidi cha mpunga (kupandikiza mche mchanga mmoja mmoja kwa nafasi) hapa Morogoro, kila mtoa mada alipewa dakika 10. Wa kwanza alikuja na slaidi 41. Akawapa wakulima mgongo, akazisoma neno kwa neno ukutani, herufi ndogo kama punje za ulezi. Alipoambiwa muda umekwisha, ndipo akaanza kuzirusha. Ile ya nafasi za kupandikiza, sentimita 25 kwa 25, ambayo ndiyo watu waliyoifuata, ilipita mama aliyekaa kando yangu hajafungua hata kalamu. Iliniuma sana. Alitoka kijijini alfajiri.

Tokyo walianzisha mtindo wa PechaKucha mwaka 2003: slaidi 20, kila moja sekunde 20, zinabadilika zenyewe. Dakika 6 na sekunde 40, basi. Kwa wakulima naona hata 20 ni nyingi; mimi hubeba sita, na usiku wa kuamkia semina nazisema kwa sauti, simu ikihesabu dakika.

Waandaaji, tafadhali wekeni saa mbele ya msemaji, na mtu wa kuinua kadi zikibaki dakika mbili.

Afisa ugani,
Morogoro